Kiangazi Kinapotutoa Nje: Jioni za Familia Yetu Kisumu

Watu wengi hudhani kwamba huku kwetu karibu na ikweta jua huzama saa ile ile mwaka mzima. Si kweli, na ratiba ya swala iliyobandikwa nyuma ya mlango wetu ndiyo shahidi. Mwanzoni mwa Novemba, swala ya Magharibi, ile ya jua linapozama, huingia hapa Kisumu saa kumi na mbili na nusu hivi. Ikifika katikati ya Februari imesogea hadi karibu saa moja kamili. Nusu saa nzima imeongezeka upande wa jioni. Kwa mtu ashindaye nyumbani, nusu saa hiyo huenda isiwe kitu. Kwangu mimi ninayefunga hesabu dukani saa kumi na moja kisha nikakata mji kwa miguu hadi mtaa wetu wa Manyatta, ndiyo inayoamua kama nitawakuta wanangu wakikimbia uwanjani au wakisinzia mbele ya sahani.

Dada yangu aliolewa Mombasa. Tukipigiana simu jioni ya Februari, yeye huwa ameshaswali na anapakua, nami huku jua bado linanichoma usoni. "Nyinyi jua lenu linangoja nini?" huniuliza. Mombasa iko mashariki yetu mbali, kwa hiyo jua huwaaga wao kwanza, robo saa hivi kabla ya kutuaga sisi, ilhali saa zetu za mkononi zinasoma sawasawa nchi nzima. Ananionea wivu kwa robo saa hiyo, nami simlaumu. Najua ninavyoitumia.

Kiangazi chetu huanza Januari na kuendelea hadi Machi, mvua ya masika inapoanza kujikusanya. Mchana joto hufika nyuzi 30 na kupita. Maji ya bomba huanza kuja kwa zamu, vumbi la njia ya kwetu linakuwa jepesi hata kuku akipita linainuka, na watu mjini huongea kwa mkato kwa sababu ya uchovu. Malalamiko ya kiangazi nayajua yote na mengi ni ya haki. Hata hivyo nimeishi katika ploti hii misimu kadhaa nikiwa mke, mama na mwajiriwa, na nimeona kwamba miezi hiyo ndiyo familia yangu huonana zaidi kuliko miezi mingine yote. Si kwa sababu tumepanga. Ni joto lenyewe linalotupanga.

Ploti yetu ina vyumba vilivyojengwa mistari miwili vikitazamana, na katikati uwanja mwembamba wenye bomba moja na mwembe mmoja. Mwembe ni wa mwenye nyumba, lakini kivuli ni cha wapangaji wote. Juu ni bati tupu, halina dari. Bati hupata moto upesi na hupoa upesi. Jua likishazama, baada ya muda mfupi utalisikia likilialia linavyojikunja. Zenye kutesa ni kuta. Matofali ya simiti yamekuwa yakipokea jua tangu asubuhi, na joto hilo huanza kulitoa polepole ndani ya chumba wakati ule ule unapotaka kukaa ndani. Ukiweka kiganja ukutani saa mbili usiku utadhani kuna mtu amewasha jiko upande wa pili. Hadi saa tatu, saa nne, chumba hakikaliki.

Basi sote tunatoka. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, kila familia hufunga mlango wake mapema: huku televisheni, kule simu, jirani humsikia jirani kwa kikohozi tu. Kiangazi milango yote iko wazi na hakuna mtu nyuma yake. Mtoto aliyezoea kujificha chumbani na simu ya baba yake hawezi kujificha, maana chumba kimemfukuza. Sihitaji kumwita mtu. Nikifika langoni nawakuta wote mahali pamoja.

Kazi ya kwanza ya jioni ni kunyunyizia uwanja maji, na hiyo ni ya kifungua mimba wangu, msichana wa gredi ya saba. Hatumii maji ya kunywa. Anatumia yale ya kusuuzia nguo ambayo tumeyaweka kwenye ndoo tangu Jumamosi au asubuhi hiyo. Anachota kwa kikombe, anamimina kiganjani, anarusha kwa mkupuo mmoja mpana ili maji yashuke matone matone. Akimwaga kwa pupa anapata matope, na matope yakikauka yanapasuka na kuwa vumbi zaidi. Ameshapata mkono wa kazi hiyo, na huifanya akirudi nyuma hatua kwa hatua asikanyage alipokwisha kunyunyizia. Harufu inayoinuka hapo, ya udongo mkavu uliopata maji ghafla, ndiyo inayonitoa kazini. Kabla ya harufu hiyo mimi bado niko dukani kichwani, nahesabu risiti. Ikishanifikia, nimerudi.

Jamvi hulitandika chini ya mwembe, upande wa mashariki wa shina, kwa sababu kivuli cha alasiri kimeangukia hapo muda mrefu na ardhi yake imepoa kuliko kwingine. Hilo nilifundishwa na jirani yangu Mama Pacha, ambaye alikuwa katika ploti hii kabla yangu. Kwao ni Seme, Ujaluoni; kwetu ni Mumias, Uluhyani. Tunaongea Kiswahili, na tukitaka kuwaficha watoto jambo hatuna lugha ya kuwafichia, kwa hiyo tumezoea kusema mbele yao yale tu wanayofaa kuyasikia.

Kisha ni kuogesha. Kila familia ina karai lake, na wakati wa kiangazi hakuna haja ya kupasha maji kwa makaa: mtungi mweusi ulioachwa juani tangu adhuhuri una maji ya uvuguvugu yanayomtosha mtoto. Mimi na Mama Pacha tunaweka makarai yetu sambamba karibu na bomba. Kitindamimba wangu ana miaka minne, pacha wake wana mitano. Huanza kwa kukataa kuingia majini na kumaliza kwa kukataa kutoka. Wana kopo la siagi lililotobolewa matundu kitakoni kwa msumari, ndilo bafu lao la mvua, na wanapokezana kulishika juu ya kichwa cha mwenzao kwa nidhamu ambayo sijapata kuiona mahali pengine. Anayeshika lazima ahesabu hadi ishirini kwa sauti. Kitindamimba wangu amejifunza kuhesabu hapo, na mwalimu wake wa chekechea amepata sifa isiyo yake.

Watoto wakubwa huuliza kila mwaka kwa nini tusiende tu Ziwa Victoria waogelee, ziwa lote hili liko hapo. Nawajibu kila mwaka. Katika maji ya kando ya ziwa, hasa yenye majani, wanaishi konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono, vikampata mtu majini, vikapenya ngozi yake bila yeye kuhisi chochote. Shuleni hupewa vidonge vya kichocho na minyoo, lakini kidonge hakimzuii mtoto kuambukizwa tena Jumamosi ijayo. Kwa hiyo ziwa letu tunalipenda kwa macho na kwa mdomo, na mwili tunauogesha kwa karai.

Chakula cha saa hiyo si chakula hasa. Ni kile kinachoshikilia tumbo hadi ugali uive. Kuna maembe, kwa kuwa kiangazi na maembe huku huenda pamoja. Yaliyoiva tunanunua Kibuye, ambako Jumapili soko hufurika hadi barabarani na bei huwa ya kusikilizana. Lakini wanangu wanapenda mabichi, yale magumu yanayoangushwa na upepo kutoka kwa mwembe wetu. Binti yangu huyamenya, akayakata vipande vyembamba vyembamba hadi akaifikia mbegu changa ambayo bado ni nyeupe na kisu kinapita. Anaweka chumvi na pilipili ya unga kwenye kifuniko cha sufuria, na kila mtu anachovya. Mate yanajaa mdomoni hata kabla ya kipande kufika. Kijana wangu wa kati hujikunyata uso mzima, akafumba macho, halafu mkono unarudi kwenye kifuniko.

Na kuna ukwaju. Mikwaju humea vizuri katika nchi yenye joto kama yetu, na kina mama huuza ukwaju kwa kopo sokoni. Mimi huuloweka usiku katika maji ya moto, nikauacha hadi asubuhi. Kabla sijaenda kazini nauvuruga kwa mkono hadi nyama yote iachane na kokwa, nachuja kwa chujio la chai, narudisha makapi na maji kidogo nichuje mara ya pili kwa sababu utamu mwingi hubaki huko. Sukari, na tangawizi iliyopondwa, si nyingi. Hatuna friji, naumimina kwenye chupa, chupa naiviringishia kitambaa cha pamba kilichoroweshwa, naisimamisha ndani ya beseni lenye maji kidogo dirishani upepo unapopita. Maji ya kitambaa yanavyokauka huondoka na joto la chupa. Jioni ukwaju hauwi wa barafu, lakini ni baridi ya kutosha kumfanya mtu aseme Alhamdulillahi kwa dhati.

Mwenye kuusema kwa dhati zaidi ni mume wangu. Yeye ni dereva wa tuktuk, na kazi yake ina uadui wa wazi na jioni: kati ya saa kumi na moja na saa mbili ndipo watu wanarudi nyumbani, ndipo pesa ilipo. Hawezi kukaa na sisi saa zote hizo na sijawahi kumwomba. Lakini Magharibi inapoingia huegesha nje ya lango, anaswali, anakunywa ukwaju akiwa amesimama, anasikiliza habari za kila mtoto kwa zamu. Kisha watoto wa ploti wanaingia nyuma ya tuktuk, wengi kuliko viti, naye anawapeleka polepole hadi kwenye makutano yetu na kuwashusha hapo. Wanarudi kwa miguu wakishikana mikono, binti yangu akiwa nyuma ya msafara. Safari yenyewe haifiki hata dakika tatu. Nimewahi kuwasikia watoto hao wakibishana ni nani alikaa upande wenye upepo, ubishi uliodumu mpaka wakalala.

Mwaka jana tajiri wangu dukani alitaka nichukue kazi ya kuhesabu mali baada ya kufunga, hadi saa mbili usiku, kwa nyongeza ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa nyumba yetu hizo si pesa za kupuuzwa. Tuliketi na mume wangu tukazipiga hesabu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mtoto. Tukatoa nauli ya boda boda, maana saa mbili usiku sitembei peke yangu. Tukatoa cha kumpa msichana wa kukaa na watoto na kuwapikia. Kilichobaki bado kilikuwa kitu, na mume wangu alisema hivyo bila kuficha. "Hii pesa ni ya kweli, mama watoto, na karo ni ya kweli. Lakini mimi narudi saa tatu. Wewe ukirudi saa mbili na nusu, hawa ni nani atawaona wakiwa macho?"

Nililala na swali hilo. Kesho yake nilirudi kwa tajiri na pendekezo: nitafanya hesabu za jioni miezi ya mvua na baridi, Aprili hadi Julai, ambapo baridi na matope huwafungia watoto ndani mapema hata nikiwepo. Januari hadi Machi niachwe nitoke saa yangu. Alinitazama kama mtu anayetafuta sababu ya kukataa na kuikosa, kwa kuwa kwake Januari biashara huwa imelala baada ya sikukuu. Akakubali. Naandika hili kwa ajili ya mama au baba mwenzangu ambaye kazini humpa chaguo la ndiyo au hapana. Mara nyingi kuna nafasi ya kuuliza: lini? Waajiri wengi hawajali miezi ipi ni muhimu nyumbani kwako, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Katika mstari wa pili wa ploti yetu anaishi mzee mmoja mstaafu, tunamwita Jaduong', wakubwa kwa wadogo. Alifanya kazi ya reli na bandari miaka mingi. Kiangazi yeye hutoka mapema kuliko wote na kiti chake cha kukunja, na mbele yake ardhini kuna mashimo ya ajua, mchezo wa jamii ya bao, aliyoyachimba mwenyewe na kuyalainisha kwa maji hadi yakawa magumu. Kete zake ni kokoto za ziwani zilizosuguliwa na mawimbi. Kijana wangu wa kati amekuwa mwanafunzi wake. Ni mtoto asiyetulia, shuleni wanalalamika kila muhula. Mbele ya mashimo yale anatulia kabisa.

"Usihesabu kwa kidole," humwambia. "Kidole kinamwambia adui unakokwenda. Hesabu kwa macho."

"Jaduong', nikihesabu kwa macho nasahau!"

"Basi sahau, nyathina, mwanangu. Ukisahau mara nyingi utachoka kusahau."

Wakipumzika, mzee huwasimulia kuhusu MV Uhuru, ile meli inayobeba mabehewa ya treni. Ndani yake kuna reli, huwaambia. Meli inasogea gatini hadi reli ya nchi kavu na reli ya meli zikutane, mabehewa yanasukumwa moja moja, kisha yanavuka ziwa kwenda Uganda bila magurudumu yake kuzunguka. Ukipakia upande mmoja kwanza meli inalalia ubavu, kwa hiyo lazima ugawanye uzito kulia na kushoto. Meli hiyo ilikaa miaka mingi bila kazi, na iliporudi majini mwaka 2019 alikwenda kuitazama akiwa amevaa koti. Mwanangu sasa hupanga makopo ya mafuta juu ya kipande cha ubao kwenye karai la maji, akipakia kulia na kushoto. Sikumfundisha mimi. Mwalimu wake pia siye.

Siku ambazo abiria wamekuwa wazuri, mume wangu hufunga kazi mapema Ijumaa na kutupeleka Dunga kwa tuktuk. Ni karibu, lakini kwa watoto ni safari. Upande ule wa ziwa una mafunjo marefu, ndege wanalia humo bila kuonekana, na mitumbwi imevutwa nchi kavu. Tunaagiza ngege, yaani tilapia, mmoja mkubwa wa kukaanga kwa sisi wote, ugali na kachumbari, na tunamzunguka. Mume wangu huwatolea watoto miiba kwa vidole vyake, kipande baada ya kipande, na mara nyingi ninapomtazama yeye mwenyewe hajaonja. Kichwa ni changu. Hilo halina mjadala. Kuna siku gugumaji limejaa hadi ufuoni, kijani kitupu mpaka mbali, mitumbwi haiwezi kutia nanga na samaki anapanda bei. Siku hizo tunakula omena, dagaa wa ziwani, na tunafurahi vile vile.

Jua likikaribia maji tunarudi nyuma, mbali na ukingo. Viboko hushinda majini mchana na hutoka jua linapozama kwenda malishoni, na hawapendi kumkuta mtu njiani mwao. Watoto wanajua sheria hiyo na hawaijadili. Tukichelewa kidogo katika siku ambazo mwezi umekwisha, tunaona taa za wavuvi wa omena zikianza kuwashwa moja moja mbali ziwani. Omena hufuata nuru, kwa hiyo wavuvi wanataka usiku wa giza. Mwezi mpevu ukiwa juu, taa zao hazina nguvu. Binti yangu amegundua kwamba akizitazama taa zile anaweza kukisia tumefika tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Kuanzia Aprili uvuvi wa omena hufungwa hadi Julai ili samaki wazaliane, na ziwa usiku hubaki jeusi tupu. Kwa hiyo hilo nalo ni la kiangazi.

Kuna jambo ambalo halina mzaha katika haya yote, nalo ni mbu. Sisi watu wa kanda ya ziwa malaria tunaijua kwa majina ya watoto tuliowazika, na mbu wake huuma usiku. Furaha ya kukaa nje ina saa yake ya kufungwa. Adhana ya Magharibi ikishapita, watoto wanavalishwa mikono mirefu na suruali, hata wakinung'unika. Baada ya kula, wadogo wanaingia chini ya neti hata kama chumba bado kina joto. Tunafungua dirisha lenye wavu, tunawapepea kwa jarida mpaka walale. Kitindamimba wangu alimaliza dozi zote nne za chanjo ya malaria, ile iliyoanza kutolewa huku magharibi mwa Kenya mwaka 2019, lakini muuguzi alinisisitizia kwamba chanjo haiondoi neti. Na taa ya nje hatuwashi. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kwa makundi juu ya maji hawaumi, lakini wakiona taa wanajaa kwenye sufuria, kwenye chai, kwenye nywele.

Kukaa gizani hivyo ndiko kulikoleta vitendawili. Hakuna wa kusoma, hakuna wa kushona, mikono yote imepumzika. Mama Pacha hutega vya kwao, mimi natega vile nilivyotegewa na bibi yangu Mumias, watoto wanatuomba mji kwa fahari kubwa tukishindwa. Vya zamani vimeisha kwa kurudiwa, kwa hiyo wameanza kutunga vyao. Jioni moja kijana wangu wa kati, yule asiyetulia, alisema kutoka pembeni:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mchana anakunywa, usiku anatema."

Tulitaja popo, tukataja ziwa, Jaduong' akataja mlevi na watoto wakacheka sana. Tukampa mji, naye akachagua Nairobi. Jibu lilikuwa ukuta wetu. Hakuna aliyemweleza kuhusu matofali na joto. Aliukalia mgongo kila jioni akaujua. Nilimwita nikamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo kwa umri wake hataki tena, na usiku ule aliniachia.

Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na futari tuliila pale pale kwenye jamvi pamoja na majirani ambao hawafungi. Mama Pacha alikuwa akizuia pacha wake wasile mbele ya binti yangu hadi adhana, ingawa hakuna aliyemwomba. Tuliweka tende, ukwaju, viazi vitamu na uji wa wimbi, na Jaduong' aliomba asimamishiwe sahani yake mpaka sote tuanze. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa miaka michache hii tunayo ndani ya kiangazi. Sijui kama tutakuwa bado katika ploti hii itakapotoka, kwa hiyo kila futari naiwekea uzito wake.

Nimeomba likizo yangu ya mwaka huu iangukie Februari badala ya Desemba. Tajiri alishangaa, kwa kuwa dukani kila mtu hugombania Desemba aende nyumbani kijijini. Nilimwambia Desemba wote tutasafiri Mumias siku chache na kurudi, inatosha. Februari nataka kuwa hapa hapa, alasiri nzima na jioni nzima. Mama yangu nimemwalika aje. Alipinga kwenye simu: "Februari huko kwenu? Joto lile, mwanangu, litanilaza!" Nikamwambia hakuna atakayemlaza ndani kabla ya saa nne usiku, na kwamba kuna mzee wa ajua anayetafuta mtu mzima wa kucheza naye kwa sababu amechoka kuwashinda watoto. Akanyamaza kidogo. Baba yake alikuwa mchezaji, akaniambia, na yeye mwenyewe alicheza hadi alipoolewa. Akauliza kama kokoto ni za ziwani au ni mbegu, na je, mzee huyo hucheza kwa haki. Atakuja wiki ya pili. Mume wangu ameshaulizia bei ya jamvi la pili.